Rangi ya mkuku ikibanduka, geuza gamba usome mgongo wake

Maji yalikuwa yamepwa Tudor, Mombasa, bamvua ya mwezi mchanga, siku maji yanapopwa na kujaa kuliko kawaida, na yoti ya futi 32 ilikuwa imesimama mchangani, imeegemezwa boriti mbili huku na mbili huku. Mwenyewe alikuwa akiuzunguka mkuku akimlaani aliyemuuzia rangi. Hasira yake ilikuwa na msingi: hata miezi sita haijatimia tangu apake, na ubavu mzima wa kushoto umefura malengelenge, mengine yametumbuka yenyewe na kuacha michirizi ya kutu. Fundi aliyeitwa hakujibu kitu. Alichomeka ncha ya kisu chini ya gamba moja la rangi lenye upana wa kiganja, akalibandua taratibu lisimvunjikie, akaligeuza na kulielekeza juani. Mgongoni mwa gamba palikuwa na unga wa kahawia, laini kama ugoro.

"Rangi haina kosa, bwana," alisema. "Imeshika, tena imeshika barabara. Ila haikushika chuma. Imeshika kutu, na kutu ndiyo iliyoachia."

Mimi kazi yangu siku hiyo ilikuwa kushika ndoo, lakini maneno yale yalinichoma, maana miaka ya nyuma niliharibu mkuku wa mashua yangu kwa kosa lilelile na nikalaumu kopo. Tangu hapo nimejifunza kwamba rangi ya mkuku huachia mahali maalumu, na kila mahali pana sababu zake. Yaweza kuachia pale chuma kinapokutana na koti la kwanza, au kati ya koti na koti, au pale rangi ya sumu ya juu, ile inayozuia viumbe wa baharini wasiote, inapokutana na epoksi iliyo chini yake, ile rangi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili. Anayenunua kopo jipya kabla ya kujua ni wapi palipoachia analipia kosa lilelile mara ya pili.

Kwanza tuelewane mkuku wenyewe. Kwenye jahazi, mkuku ni lile gogo refu la chini ambalo mataruma yote, yaani mbavu za chombo, yanasimama juu yake. Yoti ya kisasa nayo ina mkuku, lakini ni pezi zito linaloning'inia chini ya chombo, limefungwa kwa bolti nene, na kazi yake ni kukizuia kisipinduke na kisisukumwe kombo na upepo. Kwa chombo cha futi 32, pezi hilo huweza kuwa na tani moja na nusu au mbili. Lingine ni la madini ya risasi, na mwenye risasi ana bahati: haifanyi kutu, tatizo lake ni rangi kushika tu, ila asiipige msasa mkavu bila kuziba pua na mdomo, kwa kuwa vumbi lake ni sumu. Lingine limefunikwa lote kwa faibaglasi, na hilo lina maradhi yake mengine. Linalotusumbua wengi ni la chuma cha kusubu, chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, chenye vinyweleo na mabonde, na chenye chembe za grafaiti ndani yake.

Hizo chembe za grafaiti ndizo zinazofanya kazi iwe ngumu. Maji ya bahari yakifika kwenye chuma cha namna hii, chuma huliwa na grafaiti hubaki, na umbo la nje halibadiliki. Unaweza kuutazama mkuku ukadhani ni mzima. Kwangua kidogo kwa kisu: ukiona kitu cheusi, laini, kinachokatika na kukuachia weusi kidoleni kama wino wa penseli, hapo hapana chuma tena. Ukipaka juu yake, umepaka juu ya makaa. Lazima uchimbe mpaka ufikie rangi ya kijivu inayong'aa, hata kama utaacha shimo la kujazwa kwa epoksi nzito baadaye.

Sasa turudi kwenye malengelenge, maana ndiyo yanayotazamwa vibaya kuliko yote. Watu hudhani rangi nzuri haipitishi maji. Hakuna rangi ya namna hiyo. Epoksi bora hupitisha maji, polepole mno, na baada ya wiki au miezi kadhaa unyevu hufika kwenye chuma. Swali ni nini utakachokikuta huko. Ukikuta chuma safi na epoksi iliyokamata vizuri, hakuna nafasi ya kukusanyika na hakuna kinachotokea. Ukikuta chembe za chumvi, mambo hubadilika. Mama zetu wakitia chumvi kwenye ndimu za achari hawaongezi maji, lakini kesho yake mtungi una maji, kwa sababu chumvi imeyavuta kutoka ndani ya ndimu. Chini ya rangi ni vivyo hivyo: chumvi huvuta maji kupitia utando wa rangi, maji hukusanyika, hupata nguvu ya kusukuma, na utando hufura. Lengelenge likishafura, chuma kilicho chini yake kina maji na chumvi pamoja, na kutu haihitaji mwaliko.

Chumvi hiyo inatoka wapi, na mkuku ulikwanguliwa ukang'aa? Hapa ndipo Mombasa ina mitego yake. Mimi niliosha mkuku wangu kwa pampu ya kisima. Nilifanya kila kitu kingine sawasawa, nikamwaga maji kwa ukarimu, na kila tone lilikuwa la munyu. Visima vingi kisiwani vina maji ya chumvi, kila mtu anajua, ndiyo maana chai haipikwi nayo; lakini akili ya chai sikuipeleka kwenye chuma. Maji ya kuoshea mkuku yawe yale ambayo ungekunywa: ya bomba, yanayotoka Mzima, Baricho, Marere au Tiwi, au ya mvua. Yakiwa hayapo wiki hiyo, nunua kwa mkokoteni. Madumu kumi ya lita ishirini ni nafuu kuliko kopo moja la epoksi.

Mtego wa pili ni mchanga. Njia bora ya kusafisha chuma cha kusubu ni kukipiga kwa chembe zinazorushwa na kompresa, na kuna wanaoshawishika kuchota mchanga wa ufuoni, kwa kuwa ni wa bure. Mchanga huo una chumvi, na chumvi inapigiliwa ndani ya vinyweleo vya chuma kama misumari. Tena vumbi la mchanga wenye silika huharibu mapafu yasipone. Tumia chembe zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Asiyeweza kuzipata atumie grainda yenye diski ya msasa mkali, si brashi ya waya. Brashi ya waya inapendeza macho, lakini hung'arisha kutu badala ya kuiondoa, na huacha uso laini usio na mikwaruzo ya kushikiwa. Na ile dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi, kwa maoni yangu iachwe kwenye mageti. Chini ya maji inabadilisha rangi ya kutu tu, chumvi inabaki palepale.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote. Baada ya kusafisha na kuosha, acha chuma kilale usiku mmoja bila rangi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo asubuhi utaona madoa meusi yenye unyevu, au vijidoa vya kutu vilivyochomoza mahali fulani tu, kama vipele. Hapo ndipo chumvi ilipo. Osha tena kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwangua tena. Chuma kikibadilika kote kwa pamoja kuwa rangi ya dhahabu hafifu, hiyo ni kutu changa ya unyevu wa kawaida, inaondoka kwa msasa wa dakika chache.

Baada ya chumvi kuna umande, na huu umewadanganya hata mafundi wazuri kwa sababu hauonekani. Kanuni ya rangi za epoksi ni kwamba chuma kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande. Chukua asubuhi ya kawaida ya Mombasa: hewa ina nyuzi 27, unyevu asilimia 85. Umande huanza kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chuma kinapaswa kiwe na 27 au zaidi. Lakini mkuku wa tani mbili uliolala nje usiku kucha haupati joto haraka kama bati; saa mbili asubuhi bado una 25. Huoni tone hata moja, na bado umo ndani ya eneo la hatari. Rudi saa sita mchana, hewa ina nyuzi 31 na unyevu umeshuka hadi asilimia 65: umande bado ni karibu 24, lakini chuma sasa kina 30, na nafasi ipo ya kutosha. Asiye na kipimo apanguse sehemu ndogo kwa kitambaa kibichi. Maji yakikauka kabla ya robo saa, anaweza kupaka. Yakibaki, asubiri.

Ila pia asingoje mpaka jua liuchome mkuku ubavuni. Epoksi ikipakwa kwenye chuma cha moto hukauka juu kabla ya chini, mvuke wa kiyeyushi hunaswa ndani, na hilo nalo huzaa malengelenge. Haya yana dalili yake: ukiyatumbua hunusi bahari, unanusa thina. Turubai au kivuli cha makuti upande wa jua hutosha.

Ndiyo maana naamini kinachoua rangi za mikuku huku kwetu ni saa kuliko kopo, na hapo tumerithi tabia nzuri tukaipeleka mahali pasipo pake. Jahazi hupwelezwa wakati wa bamvua, likakwanguliwa, likaunguzwa kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, likapakwa deheni ya shahamu na chokaa, na maji yakijaa linaelea. Hiyo ni kazi iliyopimwa kwa karne nyingi na haina kasoro. Bamvua ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo chombo hupata saa chache kavu, na deheni haihitaji zaidi. Mafuta hayagombani na unyevu. Epoksi hugombana nao. Yule bwana wa Tudor alikuwa amekwangua maji yakipwa, akasuuza kwa maji ya bahari, akapaka makoti mawili, na jioni chombo kikaelea. Alifanya kazi ya jahazi kwenye chuma. Kati ya maji kupwa na kujaa unaweza kuongeza rangi ya sumu juu ya epoksi nzima. Huwezi kuanza kwenye chuma kitupu. Kwa chuma kitupu chombo kipandishwe nchi kavu, siku saba hadi kumi, na kama mtu anaweza kuchagua mwezi, basi Januari au Februari, kaskazi ikivuma na mvua haipo. Mwezi wa Mei, masika yakiwa kileleni, ni mwezi wa kushona matanga.

Tukitoka kwenye chuma, mambo huwa mepesi kidogo. Ukigeuza gamba ukakuta mgongo wake ni safi, unang'aa, una rangi ya koti la chini yake au umelaini kama uliopakwa nta, basi makoti yameachana yenyewe kwa yenyewe. Baadhi ya epoksi zikikaukia kwenye hewa yenye unyevu hutoa utando mwembamba unaoteleza. Anayepiga msasa moja kwa moja huusambaza utando huo badala ya kuuondoa. Huoshwa kwa maji baridi na sifongo la kusugulia sufuria, kisha ndipo msasa. Sababu nyingine ni kuchelewa. Kopo linasema koti lifuatalo lipakwe ndani ya saa kadhaa, lakini saa hizo mara nyingi zimehesabiwa kwa nyuzi 20 au zaidi kidogo. Kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, muda hukatika karibu nusu. Fundi anayekunywa chai na kuswali akarudi amekuta muda huo umeshapita, na hakujua. Kwa rangi ya sumu ninatumia kidole gumba: nikigusa epoksi ikaacha alama lakini haikung'ang'ania kidoleni, wakati ndio huo.

Na makoti yawe ya kutosha. Rangi nyingi za sumu zina shaba nyekundu, na shaba ikikutana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinachotafunwa. Epoksi ndiyo ukuta kati yao. Mkuku wa chuma unataka maikroni 250 hadi 400 za epoksi (maikroni elfu moja ni milimita moja), ambazo kwa brashi na rola ni makoti manne au matano, si mawili. Kwenye kingo kali, hasa ukingo wa nyuma, rangi hukimbia na kubaki nyembamba, kwa hiyo kingo hupakwa kwanza kwa brashi peke yake, kisha koti zima hupita juu.

Kuna aina moja ya lengelenge inayowachanganya watu kwa sababu ni safi mno. Unalitumbua, ukiwa umevaa miwani ya kinga, maana maji yake huweza kuruka usoni, na chini yake hukuti kutu ya kahawia; unakuta chuma cheusi au kinachong'aa, na maji yanayoteleza vidoleni kama ya sabuni. Chukua kipande cha karatasi za kupimia maji ya bwawa la kuogelea, hoteli yoyote ya Nyali au Bamburi inazo. Zikigeuka na kuonyesha ukali wa magadi, tatizo si chumvi. Chuma kinalindwa kupita kiasi. Zinki tunazofunga kwenye chombo huliwa badala ya chuma, na zinki yenyewe ni mpole. Lakini boti iliyotoka Ziwa Victoria au Naivasha yaweza kuwa na vipande vya magnesi, vilivyokusudiwa maji baridi. Ndani ya bahari magnesi husukuma umeme kwa nguvu kupita kiasi, magadi huzaliwa juu ya chuma, na rangi husukumwa itoke. Umeme wa betri unaovuja hufanya vituko vyake pia, na ule unaovuja kwa kupitia chuma chenyewe hula mpaka ukaona mashimo ndani ya wiki chache. Hapo umwite fundi wa umeme kabla ya mpaka rangi.

Jambo moja halihusu rangi hata kidogo, ingawa huonekana kwenye rangi kwanza. Ni ufa mwembamba pale mkuku unapokutana na chombo, hasa upande wa mbele, wakati mwingine ukitoka mstari wa kutu. Watu huuziba kwa puti na kupaka, na baada ya safari mbili umerudi. Ufa huo waweza kuwa puti iliyokauka tu, au waweza kuwa bolti zilizolegea, au chombo kilichogonga mwamba na kuvunjika ndani mahali pasipoonekana. Mwezi Mei 2014 yoti iitwayo Cheeki Rafiki, jina lenye neno letu ndani yake, ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki, na watu wote wanne waliokuwamo wakapotea. Chombo kilichowahi kugusa mwamba na kina ufa wa namna hiyo, fungua sakafu uangalie vichwa vya bolti kabla ya kuchanganya epoksi.

Yule bwana wa Tudor hakupaka siku ile. Fundi alizungushia chaki kila mahali palipolia kitupu chini ya nyundo, akapata zaidi ya nusu ya ubavu, akasema hakuna maana ya kutia viraka, yote iondoke. Majuma matatu baadaye chombo kilipandishwa nchi kavu upande wa Mtwapa. Kilipokuwa bado kinaning'inia kwenye kamba, fundi aliinama, akatazama chini kabisa ya mkuku, akaniita. Palikuwa na alama mbili za mraba, kila moja upana wa gogo, ambazo hazijawahi kuona hata koti moja. Kila mwaka chombo kimekaa juu ya magogo yaleyale, mahali palepale, na kila mwaka mtu amepaka kila kitu ila pale kilipokalia. Kutu ilikuwa imeanzia hapo na kutambaa chini ya rangi mpaka ubavuni. Tukaweka magogo nusu futi mbele ya alama. Siku ya nne, makoti ya kwanza yaliposhika, winchi ilikiinua tena kwa muda wa nusu saa tukayarudisha nyuma, na fundi akalala chali na brashi yake.